Watoto wa pwani kwenye mkahawa wa samaki wa Kijapani

Mtoto aliyelelewa Unguja au Pemba hana haja ya kufundishwa kula samaki. Kabla hajaanza chuo huwa ameshajua kumchambua changu kwa vidole, anajua kuwa upande wa tumbo una miiba mirefu na kwamba nyama tamu imo shavuni, na akifuatana na mkubwa sokoni Malindi humtofautisha jodari na nguru bila ya kuuliza. Kwa sababu hiyo hustaajabu ninapowaona wazazi wenzangu, wakishaingia kwenye mkahawa wa Kijapani ambao kazi yake yote ni samaki, wakiwaagizia watoto chipsi na kuku huku wao wakigawana pweza na kamba. Rai yangu ni kinyume cha hivyo. Mtoto wa hapa apewe samaki ale, na mzazi ndiye ajishughulishe kujua samaki huyo ni yupi, ameandaliwa vipi na amepakwa nini.

Ninazungumzia mikahawa ya kawaida, isiyokuwa na makuu: meza za mbao, jiko unaloliona kutoka ulipokaa, orodha fupi ya vyakula ubaoni, na mpishi anayekwambia leo kumepatikana samaki gani. Ule tunaoupenda sisi uko Mji Mkongwe, na una sehemu ndogo iliyoinuliwa ambapo watu huvua viatu na kukaa chini mbele ya meza fupi. Huko Japani kwenyewe familia zenye watoto wadogo hupenda kukaa sehemu ya namna hiyo, yenye sakafu ya mikeka, kwa sababu mtoto haanguki kutoka kitini, na akichoka hulala pembeni mwa mama yake. Wageni kutoka Ulaya hulalamikia magoti. Wanangu, waliozoea jamvi na sinia, walikaa bila ya kuambiwa, na mdogo wao akawa mtulivu kuliko anavyokuwa kwenye viti virefu vya mahoteli.

Wapo wanaodhani kuwa sushi ni chakula cha matajiri, na bei za mahoteli ya ufukweni zimewapa haki ya kudhani hivyo. Asili yake si hiyo. Sushi tunayoijua leo, yaani tonge la wali wenye siki lililofinyangwa kwa mkono na kuwekewa kipande cha samaki juu yake, ilienea mjini Edo, ambao sasa ndio Tokyo, katika miaka ya 1820, na iliuzwa kwenye vibanda vya njiani kwa watu waliokuwa wakila wamesimama, kama tunavyosimama sisi Forodhani. Baadaye kikageuka kuwa chakula cha mikahawa ya gharama, mpaka mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi alipofungua huko Osaka mkahawa ambao sahani zake hupita mbele ya wateja juu ya mkanda unaozunguka. Kwa kupunguza wahudumu aliweza kupunguza bei, na kwa kupunguza bei familia zikaanza kuingia na watoto wao. Tangu maonyesho ya dunia yaliyofanyika Osaka mwaka 1970 mikahawa ya aina hiyo imeenea Japani nzima, na huko mtoto kuletwa kwenye sushi si jambo la kuulizwa. Mkahawa wetu hauna mkanda wowote, jambo ambalo mwanangu wa kati bado hajaukubali udhuru wake.

Juu ya saa ya kwenda, nina shauri moja tu: nendeni mapema, baada ya Alasiri na kabla ya Magharibi. Wageni hawajarudi kutoka ufukweni, mpishi ana nafasi ya kujibu maswali, na watoto wanakuwa na njaa ya kiasi. Kila kitu hapo hutengenezwa baada ya kuagizwa, na mtoto mwenye njaa hana subira ya kumsubiri mtu akate samaki kwa utaratibu wa Kijapani. Agizeni supu ya miso, yaani rojo ya soya iliyochachushwa, na bakuli la maharage machanga ya soya yaliyochemshwa mara tu mkikaa, lakini kwa watoto wadogo sana toeni punje kwenye maganda na mziponde, kwani punje nzima huweza kumkaba mtoto.

Sasa niingie kwenye suala ambalo kila shangazi huliuliza: samaki mbichi.

Jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya vinavyouzwa kwenye mkahawa kama huu vimepikwa, hata vile vinavyoitwa sushi. Pweza anayewekwa juu ya tonge la wali huwa amechemshwa. Kamba wa kawaida vivyo hivyo. Kaa amechemshwa, yai limekaangwa likakunjwa tabaka kwa tabaka, na mkunga wa maji baridi huwa amechomwa na kupakwa mchuzi mtamu. Huyo haliwi mbichi hata Japani, kwa sababu damu yake mbichi ina sumu ambayo moto huiondoa. Kwa hiyo mzazi asiyetaka mwanawe aguse kibichi ana uwanja mpana wa kuchagua bila ya kukimbilia chipsi. Anachotakiwa ni kumuuliza mhudumu, sahani kwa sahani, hiki kimepikwa au hakikupikwa, na kuendelea kuuliza mpaka ajibiwe sawasawa.

Kwa kibichi chenyewe, msimamo wangu ni mkali zaidi kuliko wa marafiki zangu. Mamlaka za afya, ikiwemo ile ya chakula na dawa ya Marekani, huwashauri watoto wadogo, wajawazito na wazee wasile samaki mbichi, na wazazi wengi wa Kijapani nao husubiri mpaka mtoto afike miaka mitatu hivi ndipo wamuonjeshe. Hofu iko ya namna tatu, na ni vyema kuzitenganisha. Ya kwanza ni minyoo iliyomo ndani ya nyama ya baadhi ya samaki, ambayo huuawa kwa kugandisha samaki katika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Ya pili ni bakteria, ambao barafu huwalaza tu bila ya kuwaua. Ya tatu ndiyo inayotuhusu sisi zaidi, kwani inawahusu jodari, nguru na vibua, samaki tunaowapenda: wakiachwa juani au kwenye chombo bila ya barafu ya kutosha, nyama yao hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na histamini ikishatengenezwa haiondoki kwa kugandishwa wala kwa kupikwa. Mtu aliyekula hupata wekundu usoni, muwasho na maumivu ya kichwa ndani ya muda mfupi, akadhani kuwa samaki huyo hapatani naye, kumbe tatizo lilianzia baharini au njiani.

Kutokana na hayo, mimi humuuliza mpishi maswali ambayo mume wangu huyaonea haya. Samaki huyu alifika lini? Alikaa kwenye barafu tangu chomboni? Umeme ukikatika, majokofu yanaendeshwa na nini? Sisi tuliokaa gizani mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kuelezwa kwa nini swali la jenereta ni swali la chakula. Mpishi mzuri haoni vibaya kuulizwa. Wetu alinifungulia jokofu na kunionesha kipimajoto. Pale ninapojibiwa kwa kucheka huagiza vya kupikwa kwa watu wote, wakubwa na wadogo, na jioni yetu haipungui kitu. Mwanangu mkubwa, aliyeshapita umri wa miaka kumi, huruhusiwa vipande viwili vitatu vya jodari mbichi pale nilipoyaridhia majibu. Wadogo zake hawaruhusiwi, nao wameacha kuuliza.

Kuna pia watoto ambao miili yao haipatani na kamba, kaa, ngisi au pweza. Japani sheria inalazimisha kamba na kaa watajwe kwenye vyakula vilivyofungwa vinavyouzwa madukani, na hiyo inatosha kuonesha kuwa jambo hili si la kudharauliwa. Mafuta yaliyokaangia kamba yakimkaangia na samaki, mtoto wa namna hiyo hana usalama, hata kama sahani yake haina kamba hata mmoja.

Kwa Waislamu, ambao ndio sisi karibu sote hapa visiwani, samaki ni halali na hilo halina mjadala. Mjadala uko kwenye vinavyomzunguka. Mapishi ya Kijapani hutumia sana mirini, kiungo kitamu cha mchele chenye kileo cha asilimia 14 hivi, pamoja na sake, pombe ya mchele. Hivyo viwili huingia kwenye mchuzi wa kupakia samaki wa kuchoma, kwenye yai la kukunja, kwenye mchuzi wa kuchovyea vya kukaanga, na wakati mwingine hata kwenye siki ya wali. Baadhi ya miso huongezwa kileo ili isiharibike. Aghalabu hayo hayaandikwi kwenye orodha ya vyakula. Njia iliyotufaa ni kumwita mhudumu pembeni kabla ya kuagiza na kumwambia wazi kwamba hatutaki mirini wala sake kwenye chochote. Kijana aliyetuhudumia, mtu wa Wete, alimwamkia kwanza mama yangu, kisha akatwambia bila ya kuzunguka: "Mchuzi mtamu una mirini, mama. Nitamwambia mpishi awachomee kwa chumvi tu, na wali wenu auwekee siki ya kawaida." Mikahawa mingi ya hapa ina njia yake ya kulikwepa jambo hili, kwa sababu hata wapishi wao wenyewe wanataka kuonja wanachopika.

Samaki huyo wa kuchomwa kwa chumvi ndiye ninayemsifu kuliko vyote. Huletwa mzima, ngozi imekauka, hana tangawizi, hana thomu, hana ukwaju, na watoto wetu mara ya kwanza humuona amepooza. Wanangu waliomba ndimu, wakaletewa, na suala likaisha. Ukipata nafasi agiza ile sehemu ya shingo, kati ya kichwa na pezi la mbele, yenye mafuta na nyama nyingi. Wajapani huithamini sana na watoto wa hapa huijua kazi yake bila ya maelezo. Mgeni mmoja kwenye meza ya jirani alisitisha kula ili amtazame binti yangu akiutoa uti wa mgongo wote kwa pamoja.

Supu nayo ina asili ambayo mtu wa Zanzibar ataielewa upesi. Msingi wake ni maji yaliyotiwa mwani mkavu pamoja na maganda membamba ya samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Sisi tulio na papa mkavu na ng'onda hatuna la kushangaa hapo. Ladha ya moshi iliyomo ndani yake ndiyo iliyomfanya mdogo wetu amalize bakuli.

Vya kukaanga ndivyo vinavyopendwa na watoto wote, na ndivyo mzazi mwenye wasiwasi angeanza navyo. Tempura ni kamba, ngisi, vipande vya samaki au mboga vilivyochovywa kwenye unga mwepesi uliokorogwa kwa maji ya baridi na kutumbukizwa kwenye mafuta ya moto kwa muda mfupi. Wanahistoria huinasibisha na Wareno, walioingia Japani mwaka 1543, takriban nusu karne baada ya kufika kwenye pwani yetu. Wajapani wakaachiwa namna ya kukaanga, na Wapemba, kama inavyosimuliwa, wakaachiwa mchezo wa ng'ombe. Sijui nani alifaidika zaidi. Vidonge vya mviringo vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, ambavyo vilianza Osaka katika miaka ya 1930, vinahitaji tahadhari: nje huwa vimeshapoa huku ndani vinatokota, kwa hiyo vikateni nusu na mngoje kidogo. Pweza wao ni laini kuliko nilivyotarajia. Hapa kwetu hupigwa kwenye jiwe anapotoka mwambani. Wajapani humsugua kwa chumvi au kwa figili kisha wakamchemsha kwa kipimo. Kwa mtoto ambaye meno ya nyuma bado, pweza wa aina yoyote ile akatwe vipande vidogo sana.

Mama yangu, ambaye ni mzaliwa wa Jambiani na ambaye ujana wake wote ulipita kwenye kilimo cha mwani, alikuja nasi kwa shingo upande. Kilichomgusa hakikuwa samaki. Ni ile karatasi nyeusi iliyozungushwa kwenye wali. Mjukuu wake alipomwambia, "Bibi, huu ni mwani, unaliwa," aliichana kipande, akainusa, akaitia mdomoni na kukaa nayo muda. "Unaliwa!" alisema. "Na sisi tuliokuwa tukiganda majini asubuhi na mapema, tukaishia kuwapimia wanunuzi kwa kilo." Mwani unaolimwa Jambiani, Paje na Bwejuu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 si aina hiyo, wetu hukaushwa na kusafirishwa nje ili utolewe karagini, inayotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno ili viwe vizito. Wa Kijapani ni jamii nyengine ya mwani mwekundu, husagwa, hutandazwa kama karatasi na kukaushwa. Mama aliukubali ufafanuzi huo lakini hakuufurahia. Kwa wazazi wa watoto wadogo, neno la ziada: karatasi hiyo ikilowa huwa ngumu kukatika kwa meno na hugandana kwenye kaakaa, basi ombeni mkasi na mkate vipande, kwani mikahawa mingi ya Kijapani huwa nao.

Ile rojo ya kijani inayowekwa pembeni mwa sahani, iitwayo wasabi, iwekeni mbali na watoto, au ombeni isiletwe. Ukali wake si wa pilipili unaokaa ulimini. Ni ukali wa haradali, unaopanda puani ghafla na kutoka, na kwa mtoto asiyeutarajia unatosha kumharibia chakula chote. Wasabi halisi ni mzizi ghali, na kwenye mikahawa mingi kinacholetwa ni mzizi mwengine mkali uliotiwa rangi. Achari ya tangawizi haina shari, na wangu huila kabla ya chochote. Mchuzi wa soya ndio wa kuangaliwa: kijiko kikubwa kimoja kina zaidi ya gramu mbili za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asipitishe gramu tano kwa siku. Mimi humimina matone machache kwenye kisahani kimoja cha wote, na huwaonesha watoto wachovye upande wa samaki badala ya upande wa wali, maana wali hunyonya mchuzi wote na tonge likavunjika.

Vijiti vimewaogopesha watu bure. Kwanza, tonge la sushi linaruhusiwa kuliwa kwa mkono hata mbele ya Mjapani mwenye heshima zake, na kitambaa cha moto huletwa mapema kwa ajili ya kusafishia mikono, kwa hiyo mtoto anayekula kwa mkono wa kulia hajakosea popote. Pili, ukiomba vijiti vya watoto huletewa vilivyofungwa juu kwa mpira, na hivyo havimshindi mtoto wa skuli ya maandalizi. Mambo mawili tu niliwakataza wanangu: kusimamisha vijiti ndani ya bakuli la wali, na kupokezana chakula kijiti kwa kijiti. Yote mawili kwa Wajapani ni mambo ya msiba, na watoto walipoambiwa hivyo waliacha kwa hiari zao.

Kuhusu sahani maalumu za watoto, sizidharau. Wajapani wenyewe ndio waliobuni sahani ya mtoto yenye mlima wa wali na bendera juu, kwenye duka kubwa la Mitsukoshi mjini Tokyo mwaka 1930. Lakini ile ninayoiona ikiletwa hapa huwa na soseji na viazi, na bei yake inakaribia ile ya samaki mzima wa kuchoma anayetosha watoto wawili. Hesabu ya familia yetu ni rahisi: samaki mmoja mzima, sahani moja ya tempura, supu kwa kila mtu, wali mtupu wa ziada, na sinia dogo la sushi zilizopikwa lililowekwa kati ili kila mmoja afikie. Kwa kuwa bado si bei ya mama lishe, hatuendi kila mwezi.

Vikibaki vyakula, mhudumu atauliza kama afunge. Tempura na samaki wa kuchoma tumevichukua na watoto wamevila usiku huo huo vikiwa vimepashwa moto. Sushi yenye samaki mbichi haisafiri kwenye daladala saa za joto mpaka Fuoni au Mwanakwerekwe. Siki iliyomo kwenye wali inalinda wali, haimlindi samaki aliye juu yake. Kibichi kiagizwe kidogo, na kama kitabaki, kiachwe hapo hapo mezani hata kama kimelipiwa.